Kwa nini chumvi yenu ilitoka chungu, na ya wazee wa Uvinza haikuwa hivyo

"Bibi yetu ni Muha. Tangu tukiwa wadogo anatusimulia jinsi wazee wake walivyokuwa wakienda Uvinza kila kiangazi kuchemsha chumvi, wakarudi nayo kichwani. Hapa kwetu bondeni kuna chemchemi ndogo ya maji ya chumvi, ng'ombe hawabanduki pale. Mwezi uliopita mimi na wadogo zangu tulichota ndoo sita za lita 20, tukachemsha kwenye nusu ya pipa la chuma tangu asubuhi mpaka usiku, hadi likakauka kabisa. Tulipata unga wa rangi ya chai, mchungu, na baada ya siku mbili ulikuwa umelowa kama tope. Kuni tulizomaliza sitaki hata kuzitaja. Jirani anasema wazee walikuwa na dawa ya kutia kwenye chungu, ndiyo siri yenyewe. Mwalimu mmoja naye anasema hizo ni hadithi, chumvi ya Uvinza ilianza na Wajerumani. Nani mkweli? Na tukifanikiwa, je, tunaweza kuwauzia wenye presha, maana hii ni chumvi ya asili?"

Mfikishie bibi shikamoo yangu, kisha mwambie kwamba yeye ndiye mkweli. Jirani amekosea, mwalimu amekosea zaidi. Na ninyi hamkukosa dawa yoyote. Kosa lenu kubwa liko kwenye maneno mawili ya barua yako: "likakauka kabisa". Chungu cha chumvi hakikaushwi. Nitaeleza kwa nini, ila tummalize mwalimu kwanza.

Mwaka 1967 watafiti J. E. G. Sutton na Andrew Roberts walifanya uchimbaji wa mambo ya kale kwenye chemchemi za Uvinza, mkoani Kigoma, pale Mto Ruchugi unapokaribia kuingia Malagarasi. Walikuta vigae vya vyungu, mkaa na mabaki ya mahali pa kuchemshia, tabaka juu ya tabaka. Zile za chini zilipopimwa umri zilirudi nyuma hadi karne ya 5 au ya 6. Maana yake watu walichemsha chumvi pale kwa karibu miaka 1,400 kabla Mjerumani wa kwanza hajayaonja yale maji. Wajerumani walikuja mwanzoni mwa karne ya 20, wakajenga kiwanda, wakapaita Gottorp, na tangu hapo uchemshaji wa vyungu ukaanza kufa. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 chumvi ikapata njia nyingine ya kusafiri. Walichokuta Wajerumani kilikuwa kazi kongwe yenye soko lake tayari.

Na soko lilikuwa kubwa. Wazungu waliopita njia ya Ujiji, Burton mwaka 1858, Stanley mwaka 1871, Cameron mwaka 1874, wote wameitaja chumvi ya Uvinza. Ilizunguka Ziwa Tanganyika, ikavuka hadi Manyema, mashariki mwa Kongo, ikapanda Unyanyembe, upande wa Tabora. Wanyamwezi tunaowakumbuka kama wapagazi wa pembe za ndovu walianza na bidhaa za nyumbani, chumvi ya Uvinza na majembe ya chuma, na ile njia ya pembe ilipita juu ya njia hizo. Machifu wa Uvinza walijua walichokalia: mwenye kuchemsha alitoa sehemu ya chumvi yake, na mwenye kuvuka Malagarasi alitoa hongo, yaani ushuru wa njia. Stanley alilalamika sana kuhusu hiyo hongo. Mimi huwa namwonea chifu huruma zaidi kuliko Stanley.

Bibi anasema kiangazi, na hilo nalo ni sahihi kabisa. Chemchemi ziko kingoni mwa mto. Masika mto hupanda, maji matamu hufunika maji ya chumvi, na kuni zote zimelowa. Kiangazi mto hushuka, shamba nalo halina kazi, kwa hiyo watu kutoka nchi za jirani walikuja na vyungu vyao, wakapiga kambi na kuchemsha hadi mvua zikaribie. Wazee wa bibi yako walikuwa sehemu ya umati huo.

Sasa tuje kwenye pipa lenu.

Maji ya chemchemi ya chumvi ni mvua ya zamani iliyozama ardhini, ikapita kwenye miamba, ikayeyusha kila kilichokubali kuyeyuka. Chumvi ya kula, ambayo wakemia wanaiita kloridi ya sodiamu, ni kimoja tu kati ya vitu hivyo. Mara nyingi humo ndani mna pia chokaa, jasi, chuma, na chumvi za magnesiamu na kalsiamu. Zote hazionekani kwa macho. Ila zina tabia tofauti, na kazi nzima ya mpishi wa chumvi ni kuzitenganisha kwa kutumia hizo tabia.

Maji yanapopungua jikoni, vitu hivyo haviachi maji kwa pamoja. Vinatoka kwa zamu. Chokaa na jasi hutangulia: ndio ule ukungu mweupe na magamba yanayong'ang'ania chini ya chombo. Baadaye sana, maji yakiwa yamebeba kama robo ya uzito wake kwa chumvi, yanakuwa yameshiba. Hayawezi kubeba zaidi. Hapo chumvi yenyewe huanza kujitokeza. Ukitazama kwa karibu utaona juu ya maji utando wa vijipande vyembamba vya mraba, vidogo kuliko punje ya ulezi. Vinaelea kidogo, vinaungana, vinakuwa vizito, vinazama. Moto ukiwa mkali na maji yakitokota, utapata chumvi laini kama unga. Moto ukiwa mdogo na maji yametulia, utapata chembe kubwa. Mpishi huchagua moto kulingana na chumvi anayoitaka.

Magnesiamu na kalsiamu ndizo za mwisho. Zinapenda maji kupita kiasi, zinabaki ndani yake hata chumvi karibu yote ikishazama. Yale maji kidogo yanayobaki juu ya chumvi ni machungu kweli, ukiyagusa yanateleza kidoleni kama mafuta. Ninyi mliyachemsha nayo yakakauka, mkayachanganya na chumvi yenu. Huo ndio uchungu mliouonja. Na kule kulowa ni kazi ya hao hao. Chumvi safi haianzi kuvuta unyevu wa hewa mpaka hewa yenyewe iwe na unyevu wa asilimia 75 hivi. Kloridi ya magnesiamu huanza kuvuta kwenye asilimia 33. Kwa hiyo hata kiangazi cha Kigoma, hewa ambayo wewe unaiita kavu, kwake ni mvua ya masika.

Hivyo mpishi hakaushi. Chumvi ikishaanza kuzama anaizoa kwa upawa maji yakiwa bado yameifunika, anaitia kwenye kikapu kilichoinamishwa ili ichuruzike usiku kucha, na yale maji ya mwisho anayamwaga. Akitaka iwe safi zaidi anaisuuza. Wengi hushangaa hapo: utasuuzaje chumvi bila kuiyeyusha? Unaisuuza kwa maji ya chumvi safi ambayo tayari yameshiba. Hayana nafasi ya kuyeyusha punje hata moja, lakini yanabeba uchungu na kwenda nao.

Kuhusu kuni, usione haya kuzitaja, hesabu ndiyo inayowahukumu. Kuivukiza lita moja ya maji kunahitaji nishati ya megajuli 2.6 hivi. Kilo moja ya kuni kavu ina kama megajuli 15, lakini moto wa wazi hupeleka kwenye chombo sehemu ndogo tu ya hizo, nyingine huondoka na moshi na upepo. Kwa makisio ya jikoni, ukiwa na mafiga mazuri, ni kilo ya kuni kwa kila lita. Ninyi mlivukiza lita 120, fanyeni wenyewe hesabu ya miti. Kwa maji ya bahari, yenye gramu 35 za chumvi kwa lita, kilo moja ya chumvi inadai kuondoa karibu lita 29 za maji, na ndiyo sababu pwani kazi hiyo tunaliachia jua kwenye mashamba ya chumvi, hatuchomi msitu. Maji yenye gramu 200 kwa lita yanadai lita tano tu kwa kilo hiyo hiyo. Tofauti kati ya biashara na hasara iko hapo, kabla hujawasha kiberiti.

Na wazee walilijua hilo vizuri. Cameron ameeleza alichokiona Uvinza: tope lenye chumvi liliwekwa kwenye chombo cha juu chenye matundu yaliyozibwa nusu kwa nyuzi za magome ya mti, chini yake vikapangwa vyombo vingine vya namna hiyo, kimoja chini ya kingine. Maji ya moto yalimiminwa juu, yakapenya kwenye tope yakiyeyusha chumvi, yakachujika kutoka chombo hadi chombo, na kilichofika chini ndicho kilichochemshwa. Kwa nini tope, wakati chemchemi ipo? Kwa sababu kingoni mwa chemchemi jua limeshakausha maji siku baada ya siku na kuacha chumvi ndani ya udongo. Ukiuosha udongo huo kwa maji machache, unapata maji makali zaidi ya yanayotoka ardhini, na jua halikukudai kuni.

Kuna mahali ujuzi huo umefikishwa mbali zaidi. Kibiro, kwenye ufuko wa Ziwa Albert huko Bunyoro, Uganda, wanawake wana viwanja vya chumvi wanavyorithishana. Hutandaza udongo mkavu uliolegea juu ya ardhi yenye unyevunyevu wa chumvi. Jua linavuta maji ya chumvi yapande ndani ya ule udongo, yanakauka humo, chumvi inabaki. Udongo unakwanguliwa, unawekwa kwenye chungu chenye tundu, unaoshwa kwa maji, kisha yale maji ndiyo yanachemshwa. Udongo wenyewe hautupwi, unarudishwa kiwanjani ufanye kazi tena. Wataalamu wa mambo ya kale wanakadiria kazi hiyo ina umri wa karibu miaka 900, na bado inafanyika. Ukipata nafasi ya kwenda kujifunza, nenda Kibiro kabla hujanunua pipa jingine.

Kuna kipimo cha bure cha kujua kama maji yenu yanastahili moto: yai bichi la kuku, la siku hiyo hiyo. Kwenye maji ya kawaida huzama. Hata kwenye maji ya bahari huzama. Likianza kuelea, maji yamefika gramu 100 na ushei kwa lita. Wachemshaji wa chumvi wa Uingereza walilitumia yai hivyo hivyo karne nyingi zilizopita. Ila yai linakwambia kuna kitu kingi ndani ya maji. Halikwambii ni kitu gani.

Sasa yule jirani na dawa yake. Simlaumu sana, maana watu wa nje ya kazi wakiona kitu kinatiwa chunguni huamini ndicho kilicholeta matokeo. Ulaya walitia damu ya ng'ombe; Agricola, mtaalamu wa madini wa Ujerumani, aliandika habari hizo katika kitabu kilichotoka mwaka 1556. Damu, au ute wa yai, ikipata moto huganda, ikiganda hukamata vumbi na tope, ikapanda juu kama povu, povu likaenguliwa. Huo ni usafi tu. Uchungu wa magnesiamu umeyeyuka kabisa ndani ya maji, damu ya zizi zima haiwezi kuukamata.

Rangi ya chai ni suala jingine, na hapa nataka mnisikilize kwa makini. Inaweza kuwa na chanzo kimoja au viwili. Maji ya chemchemi mara nyingi huwa na chuma. Yakikutana na hewa chuma hicho hugeuka kahawia na kutulia chini. Tiba yake ni kuyaacha maji usiku kucha kwenye chombo kipana, kuyakoroga mara kwa mara yapate hewa, kisha kuyamimina polepole kupitia kitambaa safi na kuacha machicha chini. Chanzo cha pili ni pipa lenyewe. Maji makali ya chumvi, tena ya moto, hula chuma kwa kasi; mlichopata ndani yake ni kutu. Kutu yenyewe haiui. Lakini pipa lilikuwa la nini kabla ya kuwa lenu? Kama lilibeba mafuta, rangi au dawa ya mashamba, ule unga mwageni wote mahali ambapo mifugo haifiki, na pipa lisirudi jikoni. Sufuria za alumini pia hazifai, zinatoboka. Chuma cha pua kinafaa. Chungu cha udongo kinafaa, ila mjue kinakula hasara: chumvi inaingia kwenye vinyweleo vyake, inakauka humo, inakipasua. Ndiyo maana mahali pa chumvi ya kale hujulikana kwa vichuguu vya vigae. Msione kwamba tahadhari ya chombo ni woga wa kisasa: Warumi huko Cheshire, Uingereza, walichemsha chumvi kwenye masinia ya madini ya risasi, sumu ikachemka pamoja na chumvi.

Na ng'ombe? Ng'ombe si maabara. Hulamba chumvi, hulamba na magadi. Kwenye nchi yetu ya Bonde la Ufa magadi yametapakaa, na weupe wake kingoni mwa maji ni ule ule. Kamulieni ndimu juu ya unga mweupe uliokaukia pembeni ya chemchemi. Ukitoa mapovu kwa nguvu, kuna magadi au chokaa humo, na hamtapata chumvi nzuri bila kazi kubwa ya kutenganisha. Usipotoa povu bado hamna ruhusa ya kuila, ila kuna sababu ya kuendelea.

Hapo ndipo pa kuwaona watu ana kwa ana. Pelekeni sampuli ya maji kwenye maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali au maabara ya maji ya mkoa kabla ya mtu yeyote kuonja tena. Ombeni wapime sodiamu, kloridi, magnesiamu, kalsiamu na salfeti, hayo ya kuwaambia kama kazi inalipa. Ombeni pia floraidi, aseniki na risasi. Hivi vya mwisho havina ladha na havina rangi, na kuchemsha hakuviondoi, kunavikoleza. Maji yenye floraidi nyingi yapo sehemu kadhaa za nchi yetu. Tunawafahamu watu wake kwa meno yao ya kahawia.

Sasa wenye presha. Hapana, ndugu yangu, tena hapana ya kukazia. Kinachopandisha presha ni sodiamu, na sodiamu ya chemchemi ni ile ile ya dukani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, chumvi iwe imetoka wapi. Ukimwambia mgonjwa kwamba yako ni salama kwa sababu ni ya asili, ataongeza, na atakayemzika ni ninyi majirani zake. Mwenye presha aende kituo cha afya akapimwe na aendelee na dawa alizopewa.

Kuna pengo jingine ambalo wazee hawakuweza kuliona. Chumvi ya chemchemi kwa kawaida haina madini joto ya kutosha. Maeneo ya milimani yaliyo mbali na bahari yalijaa rovu kwa sababu hiyo, na mama mjamzito asipopata madini joto anayeumia zaidi ni mtoto, kwenye ubongo. Ndiyo sababu chumvi ya kula inayouzwa Tanzania inatakiwa iongezwe madini joto. Mkitaka kuuza, hilo mtalifanya kwa mashine na vipimo vinavyotambulika, si kwa kukisia na kijiko. Mkikosa uwezo huo, uzeni kama chumvi ya mifugo au ya ngozi na muiandike hivyo kwenye mfuko. Hakuna aibu, na pengine faida ni nzuri zaidi.

Kabla ya mauzo yoyote nendeni kwa Afisa Madini Mkazi, kwa kuwa chumvi kisheria ni madini na uchimbaji mdogo una leseni yake. Ofisi ya bodi ya maji ya bonde lenu nayo iulizwe kuhusu kutumia chemchemi. SIDO watawasaidia upande wa vifaa, TBS upande wa viwango. Najua foleni za ofisi zinachosha kuliko kukata kuni.

Mkiendelea, jaribuni kwanza kwa lita kumi tu, kwenye chuma cha pua, mkisubiri majibu ya maabara: tulizeni, chujeni, chemsheni hadi utando wa kwanza uonekane, punguzeni moto, zoeni, churuzisheni, mwageni maji ya mwisho mbali na chemchemi na bustani. Msionje. Linganisheni tu rangi, na muone kama italowa baada ya siku mbili.

Na mkichimba kando ya chemchemi mkakuta vigae vya vyungu vimelundikana pamoja na majivu na mkaa, simamisheni jembe hapo hapo. Msivioshe wala kuvikusanya kwenye gunia. Pigeni picha vikiwa vilivyolala, mkamwone afisa utamaduni wa wilaya awaunganishe na Idara ya Mambo ya Kale. Umri wa vigae hivyo unasomwa kwenye mkaa ulio kando yake na kwenye mpangilio wa tabaka, na ukishaparaganya tabaka hakuna maabara inayoweza kuzirudisha.